Kuuza huduma za TEHAMA kwa makampuni Mwanza: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamejaa kwenye simu yangu. Mengi yanatoka kwa vijana waliomaliza chuo wakapata barua ya ajira iliyoandikwa "Afisa Mauzo", mengine kwa mafundi waliochoka kupanda ngazi na kuvuta kebo, na machache kwa watu wenye kampuni zao ndogo pale mjini. Mimi niko mwaka wa 12 kwenye kazi hii, yote nimeifanyia hapa Mwanza, na bado naipenda. Nimejibu kama ninavyomjibu mdogo wangu tukiwa kwenye daladala ya Buhongwa. Swali likiwa jepesi, jibu nalo ni fupi.

Kwani hasa tunauza nini?

Wateja wetu ni kampuni, hospitali, shule, SACCOS, hoteli na mashirika. Tunawauzia intaneti ya ofisi, mtandao wa ndani, kamera za usalama, programu za mahesabu na stoo, barua pepe zenye jina la kampuni, bakapu ya data (nakala ya akiba) na mkataba wa matengenezo wa mwaka mzima. Kompyuta na printa nazo zimo, ila huko bei inashindanishwa duka kwa duka na faida inabaki nyembamba.

Tofauti iko hapa. Aliyenunua kompyuta anaibeba, mnaagana. Aliyenunua huduma amekununua wewe. Siku mfumo umegoma saa nne asubuhi, foleni imefika mlangoni na keshia amekaa mikono mitupu, anataka simu ipokelewe na fundi atokee. Hicho ndicho kilichomtoa pesa, hata kama kwenye proforma, ile karatasi ya bei anayopewa kabla ya kununua, kimeandikwa kitu kingine.

Lazima niwe nimesoma kompyuta?

Si lazima. Nimewahi kufanya kazi na dada aliyesomea ualimu, na kwa mauzo alituacha mbali sote. Lakini kabla ya mwezi wa tatu uwe unajua ruta inafanya nini, swichi ya mtandao inafanya nini, kwa nini kebo ya mita 150 haifai pale ambapo kikomo ni mita 100, na bakapu ya wingu inatofautianaje na ile ya diski iliyowekwa mezani pembeni ya kompyuta yenyewe. Omba kwenda na mafundi, uwashikie ngazi. Wiki mbili za kushika ngazi zitakufundisha kuliko vipeperushi vyote vya kampuni.

Wateja wa Mwanza ni akina nani? Nikizunguka mjini naona maduka tu.

Anza na ziwa. Viwanda vya minofu ya sangara vinauza nje, na soko la Ulaya linataka shehena ijulikane imetoka wapi, imepokelewa lini na imehifadhiwa kwa baridi gani. Waliokuwa kazini mwaka 1999 hawajasahau Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Ukimfuata meneja ubora wa kiwanda ukamweleza habari za mageuzi ya kidijitali, atatazama saa. Muulize: "Usiku joto la chumba cha baridi linaandikwa na nani, na likipanda saa nane usiku nani anajua?" Hapo atakuvutia kiti.

Wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba ni watu wa namna nyingine. Wengi hawana ofisi ya kueleweka, lakini mzigo wanaousafirisha, hata hadi Kongo, unamzidi mwenye ofisi ya vioo. Wananunua vitu vinavyoonekana: kamera ya stoo, programu ya mauzo iliyo kwenye simu. Na pesa yao inafuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika na mifuko hukauka. Nilipokuwa mgeni nilikuwa namfuatilia mteja wangu wa Mwaloni kila tarehe 30, tukakwaruzana bure. Siku hizi naangalia mbingu kabla ya kupiga simu, na analipa.

Viwanda vya kuchambua pamba: msimu wa kununua hufunguliwa karibu na Mei. Nenda Februari au Machi. Msimu ukishaanza, mkurugenzi yuko kwenye mizani na hamsikii mtu.

Migodi ya Geita, Bulyanhulu na North Mara inamvutia kila afisa mauzo. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania kwenye madini zinazipa kampuni za wazawa kipaumbele, hilo ni kweli na ni zuri. Lakini kusajiliwa kuwa mzabuni kuna makaratasi mengi, kuna mafunzo ya usalama, na malipo yana foleni yake. Kampuni ndogo ianze na wanaouzia mgodi: wapishi, wasafirishaji, wakandarasi wa kuchoronga. Wengi wao wana ofisi hapa mjini, na mgodi unawadai taarifa nadhifu ambazo hawana namna ya kuzitoa.

Hospitali za binafsi na za mashirika ya dini zinahitaji mfumo wa kupokea wagonjwa, maabara, famasia na madai ya NHIF. Huyo ni mteja mzuri sana, maana dai lililokosewa ni pesa iliyopotea na mhasibu anaiona kila mwezi. Kituo cha serikali ni habari nyingine, kwa sababu kina mfumo wake wa GoTHoMIS. Huko peleka kebo, printa na matengenezo.

Shule za binafsi zina pesa Januari na Julai, ada zinapoingia. Hoteli za Capri Point na kando ya ziwa zinataka Wi-Fi isiyolalamikiwa na mgeni. Maduka ya jumla yenye matawi nitayazungumzia chini, maana hao ndio walionifundisha kazi.

Mteja wa kwanza nampataje?

Kwa miguu. Chagua mtaa mmoja, tuseme Barabara ya Kenyatta au eneo la viwanda la Nyakato, uuzunguke wiki nzima na daftari. Andika nani yuko pale, anafanya nini, matawi yake yako wapi, kamera zake ni za aina gani na zinawaka au zimekufa. Usiuze kitu siku hiyo. Wiki ya pili ndipo urudi.

Mikutano ya TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, na maonesho ya Nane Nane pale Nyamhongolo nayo yanafaa, mradi usikae kwenye banda lako siku nzima ukisubiri. Wateja wako wamesimama kwenye mabanda yao. Wafuate huko.

Kupiga simu kwa mtu asiyekujua Mwanza hakuzai sana. Mtu anataka akuone. Ukishatambulishwa na mtu anayemwamini, mlango uko wazi. Kwa hiyo kila mteja aliyeridhika muulize kwa adabu: "Mzee, kuna mwenzako mwingine unayeona ana shida kama iliyokuwa kwako?" Wateja wangu wengi wa miaka hii wamekuja kwa njia hiyo.

Nikifika niongee na nani, bosi au mtu wa kompyuta?

Anayesaini na anayeumia mara nyingi ni watu wawili tofauti. Hili ningetamani ulishike kuliko majibu mengine yote kwenye ukurasa huu.

Mwaka wangu wa pili nilimuuzia mzee mmoja mwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi programu ya stoo na mauzo. Nilikaa naye ofisini, tukanywa chai, nikamwonyesha mfumo kwenye kompyuta mpakato, akafurahi, akasaini siku hiyohiyo. Nilirudi ofisini natembea kama nimeshinda ubunge. Baada ya wiki sita akanipigia: "Kijana, njoo uchukue vitu vyako."

Nilipoenda, kwa mara ya kwanza nikaingia stoo. Ilikuwa nyuma ya mtaa wa pili, hakuna kebo, hakuna hata soketi iliyo salama. Mtunza stoo alikuwa mama mmoja, miaka 19 yuko pale, na alitoa saruji na nondo kwa karatasi ndogo zenye saini ya bosi. Jioni alinakili kwenye daftari kubwa. Mafundi wajenzi wa muda mrefu walichukua mzigo kwa mkopo kwa neno la mdomo tu, na yeye alikuwa anawajua wote kwa majina na kwa tabia. Mfumo wangu haukuwa na nafasi ya mkopo wa namna hiyo. Kijana wa mauzo alikuwa anaingiza karatasi zake siku tatu baadaye, akikisia. Namba za kompyuta zikawa uongo, za daftari zikabaki kweli. Mzee alikuwa na haki ya kukasirika.

Nikamwomba yule mama radhi. Nikamwambia, "Mama shikamoo, nilipaswa kuanza na wewe." Akaniitikia, akanivutia gunia nikae, akanionyesha daftari lake ukurasa kwa ukurasa. Tulichukua miezi miwili kurekebisha: antena ndogo ya kurusha mtandao hadi stoo, kishikwambi badala ya kompyuta, na ukurasa wa mikopo wenye majina ya mafundi kama yalivyo kwenye daftari. Mzee hakurudisha kitu. Ana matawi matatu sasa, na mkataba wake nauhuisha kila Januari.

Tangu hapo nina utaratibu mmoja. Kabla sijataja bei, naomba nionyeshwe kazi inapofanyika: stoo, mapokezi, mizani, dirisha la keshia, chumba cha kupokelea samaki. Wengine wanashangaa. Bosi mmoja aliniuliza kama mimi ni mkaguzi wa TRA. Lakini sijawahi kutoka stoo bila kujua kitu ambacho bosi mwenyewe hakukijua.

Mtu wa IT wa kampuni usimpite pembeni. Akihisi umekuja kumnyang'anya ugali atakukwamisha, na mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo. Mweleze mapema kazi gani itabaki kwake na ipi itamwondokea, hasa zile za kuamshwa usiku.

Mteja akisema "nina kijana wangu ananifanyia", nimjibu nini?

Usimtukane kijana, na neno "kishoka" lisikutoke mdomoni. Huenda ni mpwa wake. Uliza maswali matatu tu: nywila za mfumo ziko kwa nani? Bakapu ya mwisho ilijaribiwa lini, maana kuwa nayo na kuijaribu ni vitu viwili? Kijana akisafiri kwenda msibani wiki mbili, nani anashika? Kisha nyamaza. Mwenye duka akishindwa kujibu swali la kwanza, usiku huo hatalala vizuri.

Mara kadhaa nimependekeza kijana huyohuyo abaki kuwa mtu wa kwanza kupokea shida, sisi tuwe nyuma yake. Mteja anapenda, kijana anajifunza, nasi hatuitwi kwa kila printa iliyokosa karatasi.

Savei ni ya nini? Mteja anataka bei leo.

Savei ni kwenda kukagua eneo na fundi kabla ya kutoa bei, na Mwanza huwezi kuikwepa. Mji wetu umekaa juu ya mawe. Kuchimba mtaro wa faiba mita 60 pale Bugarika au Mabatini si sawa na kuchimba mita 60 kwenye udongo, na ukikosea hapo faida yote ya kazi inakwenda kwenye sururu. Ukiamua kurusha mtandao kwa antena, kilima kinaweza kukaa katikati na majengo mawili yanayoonekana jirani kwenye ramani yasionane kabisa.

Kisha kuna radi. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi duniani, na nyingi hupiga usiku. Nimeona swichi tatu zimeungua kwa mpigo mmoja kwa sababu jengo halikuwa na ethi ya maana, yaani waya wa kuupeleka umeme wa ziada ardhini. Andika ethi na vifaa vya kuzuia mruko wa umeme kwenye proforma, na mteja akitaka uvitoe ili bei ishuke, mwandikie wazi kwamba amevitoa yeye.

Kamera za kando ya ziwa nazo zina adui yao, wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi na kufuata taa. Buibui wanawafuata wadudu, na asubuhi kamera haioni kitu zaidi ya utando. Kwa hiyo kamera ya ufukweni inahitaji kufutwa mara kwa mara, na kazi hiyo iwe na bei yake kwenye mkataba.

Bei niitoe kwa shilingi au kwa dola?

Shilingi. Kanuni za mwaka 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zimepiga marufuku kutangaza au kudai bei kwa fedha za kigeni kwa huduma za hapa nchini. Shida yetu ni kwamba leseni nyingi za programu na huduma za wingu tunazinunua kwa dola. Kwa hiyo proforma iwe na tarehe ya kuisha, siku 14 au 30, na mkataba wa mwaka useme bei ya leseni itapitiwa upya wakati wa kuhuisha. Ukisahau mstari huo, shilingi ikiyumba utalipia wewe.

Mbona pesa iliyoingia ni pungufu kuliko invoisi?

Hiyo ni kodi ya zuio, na wauzaji wapya huwa wanamgombeza mhasibu wa mteja bila sababu. Tuseme huduma ni shilingi 1,000,000. Kampuni yako kama imesajiliwa VAT inaongeza asilimia 18, yaani 180,000, jumla 1,180,000. Mteja anazuia asilimia 5 ya ile 1,000,000, yaani 50,000, anaipeleka TRA kwa jina lenu, nawe unapokea 1,130,000. Ile 50,000 haijapotea. Dai cheti chake, maana ndicho kitakachopunguza kodi ya kampuni mwisho wa mwaka. Afisa mauzo anayesahau cheti ameipa kampuni hasara sawa na aliyeuza kwa punguzo.

Pia tenganisha vifaa na huduma kwenye invoisi. Ukivichanganya kwenye mstari mmoja, mhasibu anaweza kuzuia kwenye kiasi chote.

Na risiti ya EFD itolewe bila kusubiri kuombwa.

Kampuni yetu ndogo haijasajiliwa VAT. Tunaweza kuwauzia wakubwa?

Mnaweza, ila msithubutu kuandika VAT kwenye ankara. Tangu Julai 2023 kiwango cha kulazimika kusajiliwa ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Wateja wakubwa wengi watauliza, na baadhi wanapendelea aliyesajiliwa kwa sababu wanarudishiwa VAT waliyolipa.

Mkataba wa matengenezo uandikwe nini?

Muda wa kuitika na muda wa kufika, na hivyo ni vitu viwili. Kuitika ni kupokea simu na kujaribu kusaidia kwa mbali. Kufika ni fundi kusimama mlangoni.

Zamani tulikuwa tunaandika "ndani ya saa 4" kwa mteja wa Sengerema au Geita, kumbe tunaahidi kwa niaba ya kivuko cha Kigongo. Fundi anakaa foleni na begi lake, mteja anapiga simu, nawe huna la kumwambia. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, ule mwendo wa maji wa kilomita tatu umekuwa wa dakika chache na ahadi ya saa 4 sasa ina miguu. Ukerewe bado unategemea kivuko na ratiba yake, kwa hiyo mteja wa Nansio mwandikie siku ya pili, na umwachie swichi na ruta za akiba palepale ofisini kwake. Ukweli huo haujawahi kunikosesha mteja.

Andika pia kisichohusika: umeme wa TANESCO, simu za wafanyakazi, kompyuta iliyomwagiwa chai. Andika nani ana ruhusa ya kutuita, vinginevyo kila mtu ofisini atakuwa na namba yako. Andika data ni ya nani mkataba ukivunjika. Jibu ni la mteja, siku zote, na akabidhiwe ikiwa nzima ndani ya siku mlizokubaliana. Kampuni inayoshikilia data ya mteja ili asiondoke inafanya ubaya, na mji huu ni mdogo.

Intaneti ikikatika nchi nzima, kosa ni letu?

Si kosa lenu, lakini simu itaita kwenu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku zile nilipiga simu kwa kila mteja kabla hajanipigia, nikamweleza kilichotokea. Hakuna aliyevunja mkataba.

Wapo walioendelea kuuza kama kawaida, wale ambao programu yao ya mauzo ilikuwa kwenye seva ya ndani au iliweza kufanya kazi bila intaneti na kujisawazisha baadaye. Tangu hapo, kwa duka lolote lenye foleni, swali langu la kwanza kuhusu mfumo ni kama unaweza kuendelea kuuza hata mtandao ukiwa umelala.

Taarifa za wagonjwa na wateja zinatuhusu sisi wauzaji?

Zinawahusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na wanaokusanya na wanaochakata taarifa wanatakiwa kusajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ukiuza mfumo wa hospitali au SACCOS, fundi wenu ataona majina, magonjwa na madeni ya watu, wengine majirani zake. Mkataba useme nani anaona nini. Na kijana akirudi kutoka savei ya hospitali na picha za skrini kwenye simu yake, zifutwe siku hiyohiyo mbele yako.

Zabuni za serikali zikoje?

Zinapita NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni ulioanza kutumika kwa taasisi zote za umma Oktoba 2023. Bila kusajiliwa humo huna cha kuomba. Andaa usajili wa BRELA, TIN, leseni ya biashara na uthibitisho wa kodi, na uhakikishe jina la kampuni limeandikwa sawasawa kwenye kila karatasi, maana kutofautiana kwa herufi moja kumeangusha watu. Mwaka wa fedha ni Julai hadi Juni. Anayekuja kujitambulisha Juni amekuta pesa imeshapangiwa kazi.

Mifumo ya taasisi za umma inafuata Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 na miongozo ya eGA (Mamlaka ya Serikali Mtandao), kwa hiyo usimwahidi mkuu wa idara programu mpya kama unavyomwahidi mwenye duka. Na uwe na mtaji wa kusubiri malipo. Kampuni ndogo yenye mshahara wa mwezi mmoja benki isishike zabuni kubwa ya serikali peke yake.

Afisa manunuzi ananiomba "asilimia kumi yake". Nifanyeje?

Kataa. Ni rushwa, sheria ya mwaka 2007 inamhukumu anayetoa na anayepokea, na TAKUKURU wana ofisi mjini. Najua inauma, kwa sababu nimepoteza kazi mbili kubwa kwa kukataa na tageti ya mwezi ikaniponyoka mkononi. Ukweli mwingine ambao vijana hawauoni ni kwamba asilimia kumi ile inatoka kwenye ubora. Fundi atatumia kebo duni, kamera itakufa baada ya miezi minane, na atakayetukanwa pale getini ni fundi wako, si yule aliyekula.

Sema hivi, kwa upole: "Kaka, bei yetu haina nafasi hiyo, ila naweza kukuongezea mafunzo ya wafanyakazi bila malipo." Mwambie bosi wako siku hiyohiyo.

Mteja halipi. Amekuwa rafiki, naona aibu.

Aibu hii naijua. Tafuta kwanza sababu. Mara nyingi LPO (oda ya manunuzi ya mteja) ilikosa saini, au invoisi iko kwenye droo ya mtu aliye likizo. Nenda kwa mhasibu kwa miguu, ukiwa na nakala, usimpigie bosi. Kama ni kweli hana pesa, pangeni awamu na mwandikiane. Asilimia 50 ichukuliwe kabla ya vifaa kununuliwa, bila kumwonea mtu haya, hata kama ni mjomba wako. Kuzima huduma kuwe hatua ya mwisho, kwa barua na siku za kujiandaa. Mfumo wa hospitali usizimwe kabisa. Hilo ni deni la kudaiwa kwa njia nyingine.

Mshahara na komisheni vinapangwaje?

Kampuni nyingi hutoa mshahara mdogo wa msingi na komisheni juu yake. Kabla ya kusaini uliza mambo mawili: komisheni inahesabiwa kwenye mauzo au kwenye faida, na inalipwa mteja anaposaini au anapolipa? Ukilipwa komisheni wakati wa kuhuisha mkataba pia, umepata kampuni inayoelewa kazi hii. Ukilipwa mara moja tu, utashawishika kukimbilia mteja mpya na kumtelekeza wa zamani.

Je, kwa wanawake kazi hii ina ugumu wake?

Upo. Wapo wateja wanaotaka mkutano uhamie hotelini saa mbili usiku. Kampuni inayojielewa inampeleka dada na mwenzake, na ikibidi inamwacha mteja huyo. Dada akija kwako na malalamiko hayo, usimwambie avumilie kwa ajili ya tageti.

Nijue Kisukuma?

"Mwangaluka" asubuhi na "mwadila" baadaye vinafungua nyuso. Zaidi ya hapo Kiswahili kinatosha, mradi uamkie wakubwa na usiingie kwenye bei kabla ya kuulizana habari za nyumbani.

Nihamie Dar?

Nimewahi kuitwa, sikwenda. Kampuni za Dar zinashinda kazi za huku kwa majina makubwa, halafu mfumo ukigoma fundi anasubiriwa aje na ndege. Wewe uko umbali wa bodaboda. Umbali huo ni bidhaa, na uutaje kwenye kila proforma.

Siku ya kwanza nibebe nini?

Daftari lenye jalada gumu, kalamu mbili, chaji ya simu, kadi zako na nakala ya leseni ya kampuni. Viatu vilivyofunikwa, maana kiwandani hutaruhusiwa kuingia na ndala wala visigino. Kwenye kiwanda cha samaki watakupa koti jeupe, kofia na buti, na utakanyaga maji yenye dawa. Vaa hivyo bila kukunja uso, kisha omba upelekwe kwanza kwa anayepokea samaki.

Tena nenda asubuhi mapema, wakati magari ya barafu yanashusha.